Ushone upate hela, au uwashonee watu wako? Ulinganisho kwa mwenye cherehani nyumbani

Ukishafika mahali pa kushona gauni mtu akalivaa akaenda nalo harusini, maneno mawili hayatakupita. La kwanza: "Kwa nini usitafute fremu ukafungua ofisi?" La pili: "Na mimi utanishonea lini?" Wanaoyasema mara nyingi ni walewale, tena siku ileile, na hawaoni kwamba wanakuvuta pande mbili. Anayekwambia ufungue ofisi anataka uwe fundi. Anayeuliza utamshonea lini anataka ubaki kuwa dada, shangazi au mke wa mtu. Cherehani ni ileile na mikono ni ileile, ila kazi ni mbili, na nimeona wengi wakizichanganya mpaka zote zikawashinda.

Nazilinganisha hapa kwa anayeanza na bado hajaamua. Upande wangu nausema mapema ili usinitegee masikio bure: nguo inayohitaji vipimo, toza, kazi ya mkono inayokula miezi, toa zawadi. Kinachokaa katikati ndicho kitakachokugombanisha na watu.

Kauli iko kwa nani

Mteja anayelipa ana kauli. Analeta kitenge chake cha yadi 6, anakuonyesha picha kwenye simu, mnakubaliana mshono, anatoa kianzio. Siku ya kujaribu anasimama mbele ya kioo, anainua mikono kama anayefunga kilemba, anakaa kwenye stuli, anainuka. Kwapa likimbana atakwambia. Shingo ikiwa pana mpaka mkanda wa sidiria unaonekana, atakwambia kwa sauti na wateja wengine wapo. Inauma, lakini hapo ndipo mkono unapokomaa, maana kesho yake hutarudia kosa lile.

Ndiyo maana fundi wa malipo hujua vitu ambavyo mshonaji wa zawadi huchelewa kuvijua. Mwanamke akipimwa kifua huibana pumzi aonekane mwembamba, hata asipokusudia. Ukiandika namba ile, zipu itafumuka siku ya sherehe. Fundi mzoefu humsemesha, humwuliza habari za watoto, na mteja akianza kujibu ndipo yeye anasoma futi kamba. Kisha wakati wa kukata huacha inchi moja ya kitambaa ndani ya mshono wa ubavuni, kila upande, kwa sababu gauni huvaliwa miaka na mwili hausimami. Huuliza pia kama kitenge kimeshafuliwa. Cha pamba ambacho hakijaingia maji kinaweza kuruka baada ya mfuo wa kwanza, na mteja hatakilaumu kitenge, atakulaumu wewe.

Zawadi haina mahakama hiyo. Unamkabidhi shemeji shati, analipokea kwa mikono miwili, anasema "Ahsante sana, limenikaa barabara," analikunja vizuri, na hulioni tena mwilini mwake. Kola ilimkaba? Mkono ulikuwa mfupi? Hutaambiwa. Adabu yetu haimruhusu mtu kukosoa alichopewa. Kwa hiyo mwenye kutaka kujifunza haraka na achukue kazi za malipo, hata zile ndogo za kupiga pindo doti za khanga na kufupisha suruali. Zawadi mia moja hazitakufundisha kile ambacho wateja kumi wakorofi watakufundisha.

Upande wa pili wa jambo hili ni mtamu. Kwenye zawadi kauli ni yako. Unachagua rangi, unafumua mara tatu mpaka roho yako itulie, unakunja kila mshono mara mbili kwa ndani ili nyuzi zisionekane hata nguo ikigeuzwa. Mteja gani atakulipa kwa upande wa ndani asiouona? Fundi wa malipo hupiga ovaloki, mashine inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke, akaendelea na inayofuata, na hafanyi vibaya. Hivyo ndivyo watoto wake wanavyokula.

Hesabu

Mafundi wengi wa nyumbani hupanga bei kwa kuchungulia kwa jirani. Wa pale kona anatoza 15,000, basi nami nitatoza 12,000 nipate wateja. Hiyo siyo bei, ni kubahatisha.

Chukua hesabu ya mfano. Tuseme unataka ubaki na shilingi 15,000 kwa siku ya kazi ya saa 8. Saa yako moja ni shilingi 1,875. Gauni lenye zipu na bitana likikuchukua saa 4, muda wako ni 7,500. Uzi, zipu, bitana na kumlipa jirani mwenye ovaloki, tuseme 5,500. Hapo ni 13,000, na bado hujagusa kodi ya fremu, mkaa wa pasi, wala sindano uliyoivunja kwa kushonea jinzi ukiwa umeweka namba 14 badala ya 16. Ukilishona kwa 12,000 ili umpite wa kona, wewe ndiye unayemlipa mteja akavae.

Kipato hupanda kwa njia mbili tu. Ushone haraka zaidi bila kuharibu, au ushone kitu ambacho wa kona hakiwezi. Ya kwanza huja kwa kazi za wingi: sare za shule, vitenge vya kamati ya harusi, nguo za kwaya. Ukikata suruali kumi za kaki kwa mpigo mmoja, kila moja inakula muda mdogo kuliko ungeikata peke yake. Ya pili huja kwa jina, na jina huchelewa.

Mitumba nayo, ambayo watu hudhani inamuua fundi, kwa fundi mdogo ni riziki ya kila wiki. Mtu ananunua suruali nzuri mnadani, kiuno kikubwa, miguu mirefu. Anakuja upunguze. Kazi ya aina hiyo haihitaji kitambaa, haina mshono wa kubishania, na hulipwa palepale. Mwenye kuanza malipo bila mtaji aanzie hapo.

Kwenye zawadi hesabu ipo pia, ila watu hawaipigi. Kitambaa ni chako, uzi ni wako, usiku ni wako. "Mali bila daftari hupotea bila habari" ni methali ya wafanyabiashara, lakini mimi naona inawahusu zaidi wanaogawa. Andika kila zawadi kwenye daftari lilelile la wateja: jina, kitambaa, gharama, na kwenye safu ya malipo weka sifuri. Mwisho wa mwaka utajua kama unatoa kwa moyo au unakamuliwa.

Kazi ambazo soko haliwezi kuzilipa

Weka sasa hesabu ile ya saa juu ya kofia ya viua. Ina vipande viwili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa, vyote kwa kitambaa cheupe cha pamba. Mchoro huchorwa kwanza kwa penseli. Kisha kila kitobo hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano ya mkono, nyuzi zikilaliana bega kwa bega mpaka ukingo wa kitambaa usionekane. Kitobo kimoja si kazi. Kofia nzima ina mamia, na vyote lazima vilingane, kwa sababu jicho la anayeijua kofia huenda moja kwa moja kwenye kile kilichopotoka.

Anayeshona saa 2 kila jioni, baada ya kupika na kulaza watoto, kwa miezi miwili ameweka saa 120. Kwa saa ya shilingi 1,875 hiyo ni 225,000, bila kitambaa wala uzi. Mnunuzi wa bei hiyo yupo. Yuko Mji Mkongwe, na yuko anayepeleka Oman, ambako kofia ya mkono, wenyewe huiita kumma, ni vazi la wanaume la kila siku na undugu wake na ya Unguja hauhitaji kuelezwa. Lakini mnunuzi huyo hapiti mlangoni kwako kila Jumamosi, na akipita atakuwa na kofia ya mashine mkononi anakuuliza kwa nini yako inaizidi bei mara nyingi hivyo.

Kama zawadi, kofia hiyohiyo inabadilika kabisa. Kwenye pwani yetu, kutoka Lamu hadi Unguja, kofia nzuri ya mwanamume mara nyingi ilitoka kwa mchumba, mke, mama au dada, na kila aliyeiona kichwani alijua kwamba kuna mtu amekaa miezi akimfikiria huyu bwana. Nani angeilipia hiyo? Miezi miwili ndiyo zawadi yenyewe, kofia ni ushahidi.

Foronya na mashuka ya kudarizi yako kundi hilo, yale yenye maua pembeni na "Lala Salama" katikati. Vitambaa vya kufuma vya makochi pia. Nitasema bila haya: kuuza kitambaa cha kufuma kwa bei ya sokoni ni kuuza uzi, muda umeugawa kwa mtu usiyemjua. Mfumie mama yako aweke mezani, wageni wakija aseme, "Hiki kanifumia mwanangu." Utakuwa umelipwa zaidi.

Nguo za mtoto mchanga zinastahili neno lao. Zawadi ya arobaini huwa sweta, kofia na soksi za kufuma, na wengi huzifuma kwa kipimo cha mtoto waliyemwona wiki ya kwanza. Atazivaa mara mbili. Fuma kwa kipimo cha miezi sita. Acha shingo pana, au weka vifungo viwili begani, maana kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko unavyodhani na mama hapendi kuvutana nacho. Vifungo vishonwe kwa uzi mara nyingi mpaka ukivuta kwa nguvu visicheze. Mtoto huvitia mdomoni, kikichomoka amekimeza. Kamba za kufunga shingoni achana nazo kabisa. Mtoto wa Tanga mjini, kwenye joto, mfumie kwa uzi wa pamba, sufu utamchoma tu. Wa Njombe au Lushoto, kwenye baridi, mpe sufu, na mama yake atakuombea.

Kumpima mtu bila yeye kujua

Zawadi ya ghafla ina tatizo ambalo kazi ya malipo haina: huwezi kumwita mtu umpime. Wengi hukisia kwa macho, au humpima dada yake "maana wanafanana." Usifanye hivyo.

Mwombe anayeishi naye akuibie nguo moja inayomkaa vizuri, usiku mmoja tu. Ilaze mezani, inyooshe kwa kiganja bila kuivuta. Pima upana chini ya kwapa na uzidishe kwa mbili, pima kiuno vivyo hivyo, bega kwa bega, urefu wa mkono, urefu wote. Nguo hiyo iwe ya kitambaa kisichovutika. Fulana itakudanganya, kwa sababu kwenye fulana mwili huivuta nguo, na kitenge hakivutiki. Kama huna wa kukuibia nguo, shona kitu ambacho hakitaki kipimo: dera, linalotaka urefu tu, aproni, mfuko wa kwendea sokoni, foronya.

Dera, kwa maoni yangu, ndilo zawadi bora kwa mshonaji asiye na uhakika. Halimkatai mtu. Mama akinenepa linamkaa, akipungua linamkaa, na akipata ujauzito bado analo.

Msimu mmoja, foleni mbili

Hapa ndipo wenye kuchanganya huanguka. Watu wanataka kupewa zawadi kipindi kilekile ambacho wateja wanataka nguo: kabla ya Idi, kabla ya Krismasi, msimu wa harusi. Wiki ya mwisho ya Ramadhani fundi halali, na mama yake mzazi ndiye anayebaki bila gauni jipya, kwa sababu mama atasamehe na mteja aliyetoa kianzio hatasamehe.

Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itaanza mwanzoni mwa Januari, wakati shule za Tanzania Bara zinafunguliwa. Mafundi wa mwaka huo watakuwa na nguo za Krismasi, sare za shule na kanzu za Idi zikipandana. Sijui nani atakuwa na muda wa kudarizi foronya.

Dawa ni kushona zawadi nje ya msimu na kuzifungia sandukuni. Miezi ambayo wateja wameadimika ndiyo miezi ya kofia, mashuka na sweta. Kazi za mkono zina heri moja kubwa: hazisubiri foleni ya cherehani. Unaweza kufuma ukiwa kwenye daladala, ukiwa hospitali unasubiri kuitwa, umeme ukiwa umekatika na mshumaa unatosha.

Bei ya ndugu

Sasa tufike penye moto. Kati ya malipo na zawadi kuna eneo ambalo halina jina zuri, na ndilo linalowamaliza washonaji wa nyumbani. Ndugu, majirani na wenzako wa kikundi hawaombi zawadi, na hawataki kulipa. Wanataka "unishonee tu."

"Wifi yangu, hii kwako ni kazi ya dakika tano."

"Wifi, ya dakika tano ni kukata. Kushona je?"

"Uzi nitakununulia."

Uzi atanunua kweli, rangi isiyofanana na kitambaa. Gauni utalishona usiku, na kwa kuwa hajalipa utalisogeza nyuma ya wanaolipa. Kwa kuwa ni ndugu atakupigia simu kila siku. Siku ya kujaribu, yule ambaye angekaa kimya kama angepewa zawadi, na angetaja kasoro yenyewe tu kama angelipa, atasema mbele ya watu kwamba fundi wa Kariakoo angefanya vizuri zaidi. Umekosa hela, umekosa shukrani, na mafunzo hukuyapata, kwa sababu uliona hasira badala ya kuona kwapa.

Amueni kabla mkasi haujagusa kitambaa. Kila kazi iitwe jina lake: hii ni ya kulipwa, au hii ni zawadi yangu kwako. Hakuna ya tatu. Ikiwa ya kulipwa, ndugu analipa bei ya watu wote na anakaa kwenye foleni ya watu wote. Ukitaka kumpunguzia, mwandikie bei kamili kwanza, halafu kata mbele yake: "Ufundi ni 20,000, nakupunguzia 5,000 kwa sababu ni wewe." Ukimtajia 15,000 moja kwa moja, ataamini hiyo ndiyo bei yako na atawatangazia wengine.

Ikiwa ni zawadi, iwe zawadi kweli. Wewe ndiye unayechagua siku, na wewe ndiye unayechagua mshono. Kwenye harusi ya mdogo wako unaweza kumwambia bibi harusi, "Gauni la kuagia nakushonea mimi, hiyo ndiyo zawadi yangu, usinitafutie nyingine." Hapo umeitaja. Usishone kimya kimya halafu siku ya kutunza ukategemewa uje na bahasha pia, kama kwamba hukufanya kitu.

Kuna wanaoogopa kwamba kumtoza ndugu ni uchoyo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, hilo nalikubali. Lakini moyo huo ni wako wewe mtoaji. Anayekupangia utoe nini na lini hajakuomba zawadi, amekupa kazi.

Vifaa, shule na serikali

Kwa zawadi pekee hutaki mengi. Sindano za mkono, za kufumia, mkasi mzuri wa kitambaa ambao watoto hawakatii karatasi, na cherehani ya mkono au ya kuazima. Usinunue ovaloki ili ushone zawadi nne kwa mwaka.

Kwa malipo, cherehani ya miguu inatosha kuanzia, kwa sababu haisubiri umeme, na baadaye unaweza kuifunga mota. Ovaloki mlipe jirani kwa kila nguo mpaka daftari likuonyeshe kwamba unachomlipa kwa mwezi kinakaribia kununua yako.

Mafunzo yapo ya njia mbili. VETA, vyuo vya serikali vya ufundi stadi, hufundisha ushonaji na ubunifu wa mavazi, na utatoka na cheti. Barazani kwa fundi utatoka bila cheti ila na mwendo. Utaanza na pindo na vifungo, mkasi hupewi mapema, na uvumilie hilo, kwa sababu kitambaa kilichoshonwa vibaya hufumuliwa na kilichokatwa vibaya ndiyo basi tena. Anayetaka kushona zawadi tu hahitaji yote haya. Mtu mmoja anayejua, alasiri kadhaa, inatosha.

Kodi haihusu zawadi. Kwa malipo, Tanzania Bara, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato ya makadirio. Angalia kwamba ni mauzo, siyo faida, na kwa mwezi ni kama 333,000 tu. Fundi mwenye wateja wa kutosha huvuka hapo bila kujua, hasa Desemba, na daftari ndilo litakalokuambia. Wenye kutafuta mtaji wa cherehani waulizie kata zao kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, ingawa mwenye ulemavu anaweza kukopeshwa peke yake, kwa hiyo ulizia kabla ya kwenda.

Ipi ikufae wewe

Kama kuna kodi ya nyumba inayokungoja tarehe mosi, swali limekwisha. Toza, anza na kupunguza mitumba na kupiga pindo, na zawadi ziwe mbili kwa mwaka, za watu ambao ungewapa hata figo.

Kama una mshahara au biashara nyingine na cherehani ni starehe yako, nakushauri usikimbilie fremu kwa sababu tu watu wamekusifu. Jipime kwanza kwa njia hii: chukua oda tano za watu usiowajua kabisa, kwa bei kamili, na tarehe ya kukabidhi iliyoandikwa. Usichukue za shoga zako. Ukimaliza ya tano bado unatamani ya sita, wewe ni fundi. Ukimaliza ukiwa huitaki hata sauti ya cherehani, rudi kwenye zawadi bila aibu yoyote.

Kama wewe ni mwepesi wa kusema ndiyo, tabia hiyo itakuharibia malipo haraka kuliko mshono mbovu. Mtafute mwenzio anayejua kusema hapana, yeye apokee wateja na kutaja bei, wewe ushone. Nimeona ofisi za namna hiyo zikisimama vizuri, mmoja mkali mlangoni na mmoja mpole kwenye cherehani.

Na kama tayari ni fundi wa malipo unayetamani kuwashonea wanao kitu, usiwashonee nguo. Baada ya kutwa nzima ya magauni, gauni la kumi na moja utalishona kama la mteja. Shika kitu cha mkono kisichofanana na kazi ya mchana.

Limebaki jambo moja linalozigusa kazi zote mbili, nalo ni vipande. Kitenge cha yadi 6 kikitoa gauni la saizi ya kati, hubaki kitambaa cha kutosha mfuko, kilemba au kigauni cha mtoto. Mwaka 2020, barakoa za kitambaa zilipohitajika ghafla, mafundi wengi walizishona kwa vipande vya namna hiyo. Nyingine wakauza, nyingine wakagawa mtaani. Lakini vipande vya nani? Mteja alinunua yadi zote sita. Fundi anayeviweka kwenye mfuko wake chini ya meza, halafu anamshonea mpwa wake kigauni, ametoa zawadi kwa mali ya mtu mwingine, na kuna siku mteja atakutana na kigauni hicho kanisani au maulidini akakitambua. Uliza siku ya kuchukua nguo: "Dada, vipande vyako hivi, nikufungie au niviache?" Wengi watakuachia, na hapo ni vyako halali, ushone utakacho. Anayesema umfungie, mfungie vyote, mpaka kile cha kufutia mafuta ya cherehani.